Mstari wa Ijumaa Jioni

Wenzake walimwita Bwana Ijumaa, na si kwa sababu alizaliwa siku hiyo. Mashindano ya gofu ya wachezaji wa kulipwa huchezwa siku nne, Alhamisi hadi Jumapili, lakini wanaofika Jumapili si wote walioanza. Ijumaa jioni, watu wakishamaliza nusu ya safari, hupigwa mstari. Walio ndani ya mstari hulala palepale wakacheza tena Jumamosi. Walio nje hukunja virago, wala hawapewi hata nauli. Huo ndio mchujo, na bwana huyu kwa miaka mingi alikuwa fundi wa kukunja virago. Ukimuuliza mchezaji yeyote, "Yule jamaa mrefu mwenye kofia iliyopauka yuko wapi?" atakujibu, "Leo siku gani? Kama ni Jumamosi, yuko kwake."

Alicheka nao. Angefanyaje? Mtu akikutania ukanuna, jina ndilo linaganda. Kununa alinunia kwake, tena bafuni, mlango umefungwa.

Siku nyingine za juma alikuwa mwalimu. Nyuma ya klabu palikuwa na uwanja wa mazoezi wenye mikeka ya plastiki iliyochakaa hadi saruji inachungulia, na hapo ndipo alipowafundisha wenye vitambi kugeuza kiuno bila kuanguka. "Taratibu, mzee, huui nyoka," alikuwa akiwaambia. Wengine hawakusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini, wakaendelea kuua nyoka. Hakuwachukia. Ila kila jioni, wakishaondoka na magari yao, alichukua ndoo ya mipira akapiga peke yake, na hapo ndipo alipojihisi kuwa mchezaji, si mtumishi wa viuno vya watu.

Mkewe alikuwa mshonaji, mwanamke wa maneno machache, na hayo machache yana pilipili. Kila mashindano yalipokuja alimfungia begi lenye mashati mawili: la Alhamisi na la Ijumaa. Hakuwa na nia mbaya. Alizoea kukata kitambaa kwa mwili ulio mbele yake, si kwa mwili anaouota mteja. Safari hii mumewe aliongeza mashati mawili kwa mkono wake mwenyewe. Mkewe akayaona, akayatoa, akayapiga pasi, akayarudisha.

"Haya," alisema. "Pasi haijawahi kumharibia mtu bahati."

Yeye mume alijua kwa nini ameyaongeza, na mke naye alijua. Chama chao kilikuwa na kanuni moja isiyo na huruma: asiyevuka mchujo hata mara moja katika msimu mzima hunyang'anywa kibali cha kushindana, arudi kwenye majaribio pamoja na vijana wanaoanza. Msimu ulikuwa umebakiza mashindano haya tu. Bwana Ijumaa alikuwa anagonga hamsini, goti la kushoto linalia kama bawaba, na majaribio yale aliyapita mara moja tu maishani mwake, tena kwa taabu. Akichujwa safari hii, kwisha habari yake. Angebaki na mikeka na vitambi mpaka nguvu zimwishe.

Sasa niwaambie habari za ndugu yake, maana bila yeye hakuna kisa. Alikuwa kitinda mimba wa nyumba yao, na hata baada ya kuwa baba wa watoto wawili watu waliendelea kumwita Mziwanda. Mama yao alipofariki, Mziwanda alikuwa bado anakojoa kitandani. Kaka mtu, ambaye wakati huo alikuwa akibeba mikoba ya wachezaji ili apate chochote, ndiye aliyemlea, akamwogesha, akamsomesha, akamfundisha na gofu. Walichimba shimo uani, wakalitia kopo la maziwa lisibomoke, wakasukuma mipira mpaka giza linaingia. Ua wenyewe ulikuwa umeinama kama kofia iliyovaliwa upande, kwa hiyo mpira ulipinda huku ukipinda kule, na ilibidi usome ardhi kabla ya kupiga.

Hapo palizaliwa desturi yao. Mtoto alichuchumaa, akausoma mteremko, akasimama juu ya mpira, kisha akainua macho kumtazama kaka yake. Kaka akiitikia kwa kichwa, maana yake umesoma vizuri, piga. Asipoitikia, umekosea, rudi ukasome upya. Hakuna neno lililosemwa. Desturi hiyo ikakua naye. Hata alipokuwa mchezaji wa kulipwa, anayeshangiliwa na watu asiowajua, kaka yake akiwa karibu na grini, pale penye majani mafupi yanayozunguka shimo, macho yake yalimtafuta. Sheria za gofu zinakataza mtu wa nje kumshauri mchezaji, nao ndugu wawili hawakuwahi kuliita jambo lile ushauri. Ilikuwa kuonana tu, walijidanganya, kama watu wanavyosalimiana njiani.

Mziwanda hakuwa na shida ya Ijumaa. Msimu ule wote hakuchujwa hata mara moja. Kaka yake alijivunia jambo hilo mbele za watu, na alijivunia kweli. Kama palikuwa na donge, lilikuwa dogo, na alilimeza kila lilipopanda.

Ijumaa hiyo Bwana Ijumaa alicheza asubuhi. Alicheza kama mtu anayevuka mto mkavu huku akiogopa kuzama: kila hatua kwa tahadhari, hakuna pupa, hakuna kujionyesha. Alipomaliza, jumla ya siku zake mbili ilikuwa mipigo minne juu ya kiwango cha uwanja, na katika gofu mwenye mipigo michache ndiye bora. Nne juu. Si haba kwa uwanja ule mgumu. Lakini katika mchujo hakuna haba wala si haba. Kuna ndani na nje. Walikuwa wanachukuliwa hamsini wa kwanza, pamoja na wote watakaofungana na yule wa hamsini. Mstari wenyewe utaangukia wapi, hakuna anayejua mpaka mtu wa mwisho atoe mpira wake shimoni.

Kwa hiyo ukimaliza asubuhi, mchana kutwa kazi yako ni kungoja, na huko kungoja ndiko kunakomvua mtu utu wake. Huna tena la kufanya. Fimbo zako zimelala kwenye mkoba. Kinachoweza kukusaidia ni kimoja tu, nacho ni wenzako waharibikiwe. Bwana Ijumaa aliketi kwenye benchi lililotazamana na ubao wa matokeo, chai ikimpoa mkononi, na kila mchezaji mwenye matokeo mazuri alipopita akampungia mkono huku moyoni akimwambia: kosa basi, kosa kidogo tu. Adui mwombee njaa, husema watu. Hawa hawakuwa hata maadui. Walikuwa watu aliokula nao, aliowakopesha glovu, na mmoja wao alimsimamia harusi.

Ubao ulihudumiwa na mwanamke wa makamo aliyekuwa akipanda na kushuka ngazi fupi, akibandika na kubandua vibao vya namba. Watu walimwita Dada wa Ubao. Alikuwa na redio mkononi, penseli kwenye nywele, na roho ya kuwahurumia wanaongoja.

"Kaka, unajiumiza bure," alimwambia alipomwona amekodoa macho. "Nenda kalale. Nikikuhitaji nitakuita."

"Nilale? Dada yangu, hapa hata kope zinagoma kufunga."

Mchana mstari ulikuwa mbili juu, akajiona ameshakwenda. Kisha upepo ukaamka. Bendera zikaanza kuchapa, mipira ikawa inasukumwa mchangani na majini, na taarifa za redio zikageuka za msiba kwa wenzake na za harusi kwake. Mstari ukasogea ukawa tatu juu. Akasimama. Akakaa. Akaenda msalani bila haja, akarudi mbio. Waliokuwa nne juu kama yeye walianza kukusanyika pale mmoja mmoja, kama watu wanaosikia harufu ya chakula kwa jirani, kila mmoja akijifanya anapita tu.

Jua lilipoanza kulala, uwanjani lilibaki kundi moja. Dada wa Ubao alishuka ngazi, akamwita Bwana Ijumaa pembeni. Uso wake haukuwa wa mtu mwenye habari njema wala mbaya.

"Nisikilize vizuri," alisema. "Walio tatu juu au bora zaidi wamefika arobaini na tisa. Bado nafasi moja. Akimaliza mmoja kwa tatu juu, hamsini wametimia, mstari unafungwa, nyie wa nne juu mnakwenda nyumbani. Asipopatikana, nafasi ya hamsini inaangukia kwenu, na kwa kuwa mmefungana, mnaingia wote."

"Na waliobaki uwanjani?"

"Wako watatu. Wawili wameshaharibu zamani. Mmoja ndiye yuko tatu juu, na yuko shimo la mwisho." Akachomoa penseli kwenye nywele, akairudisha. "Ni ndugu yako."

Bwana Ijumaa aligeuka. Miguu ilimpeleka yenyewe mpaka kando ya grini ya mwisho, akajipenyeza mbele ya watazamaji, na wale wa nne juu wakamfuata nyuma.

Mpira wa Mziwanda ulikuwa umeangukia mchangani. Aliutoa vizuri mno, ukaruka mwepesi, ukadunda, ukatulia hatua moja ndefu kutoka shimoni. Watu wakapiga makofi. Kaka yake naye akapiga. Akiuingiza ule, tatu juu, hamsini wametimia. Akiukosa na kuuingiza kwa mpigo unaofuata, nne juu. Ataingia yeye, ataingia kaka yake, wataingia wote. Hapo ndipo shetani alipopata pa kukalia. Simwombei mabaya, Bwana Ijumaa alijisemea. Akikosa hapotezi kitu. Kesho atacheza, na mimi nitacheza. Ni mpigo mmoja tu, na yeye anayo mipigo ya kutupa. Ndugu hawezi kumpa ndugu mpigo mmoja?

Mziwanda hakuwa na habari hizo. Kwa kawaida hakutazama ubao akiwa uwanjani. Alisema namba humtia kiwewe. Alichuchumaa nyuma ya mpira, akazunguka upande wa pili, akachuchumaa tena. Kaka yake naye aliisoma ardhi ile kutoka pale aliposimama, kwa sababu macho yaliyozoea hayaombi ruhusa. Unavuta kushoto kidogo. Lenga ukingo wa kulia, usukume kwa upole, utaingia wenyewe. Mziwanda akasimama juu ya mpira, akaweka fimbo nyuma yake, na fimbo ikawa imeelekea ukingo wa kulia hasa. Alikuwa amesoma sawasawa.

Kisha akainua macho.

Alimwona kaka yake mara moja. Hapo Bwana Ijumaa alitakiwa kufanya kitu kidogo kuliko vyote alivyowahi kumfanyia mtoto yule: kuinamisha kichwa na kukiinua. Shingo ilikuwa yake na hakuna aliyeishika. Akatazama viatu vyake.

Alijiambia anafuata sheria. Si inakataza mtu wa nje kushauri? Basi leo yeye ni mtu wa nje, mtazamaji kama wengine. Ajabu ni kwamba katika miaka yote hiyo sheria hiyo hakuikumbuka hata siku moja.

Aliposhtuka kutazama tena, Mziwanda alikuwa ameondoka kwenye mpira. Alichuchumaa upya, uso umekunjamana, kama mwanafunzi aliyeambiwa jibu lake si sahihi na haoni kosa liko wapi. Alikaa muda mrefu. Aliporudi, fimbo haikuelekea ukingo wa kulia tena. Ilielekea katikati.

Mpira ukaanza safari vizuri, ukavuta kushoto, ukapita kando ya shimo bila hata kuligusa, ukateremka hatua nyingine mbili. Watu wakaguna. Na Bwana Ijumaa, Mungu amsamehe, alifurahi. Furaha ilimfika kabla ya aibu. Nyuma yake mtu wa nne juu alimbana mkono kwa nguvu, akamnong'oneza, "Tumeingia, mzee!"

Lakini mpira ulikuwa bado uko nje ya shimo. Mziwanda aliufuata haraka, na safari hii hakuinua macho kumtafuta mtu. Hakuchuchumaa. Aliusukuma kama anayetaka kuondoka mahali pale upesi, mpira ukazunguka mdomo wa shimo, ukachungulia ndani, ukatoka. Alipoutia hatimaye, alikuwa tano juu.

Yeye nje. Kaka yake ndani.

Dada wa Ubao alibandika namba ya mwisho. Wale wa nne juu walimvamia Bwana Ijumaa kwa kumbatio, wakamtikisa, wakampiga mgongoni, mmoja akampokonya kofia akairusha juu. "Leo Jumamosi imekupata!" wakapiga kelele. Alitabasamu kwa midomo tu. Juu ya mabega yao alimwona ndugu yake akivua glovu polepole na kuingia kwenye hema la kusaini matokeo, mgongo umepinda kidogo.

Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa na makabati ya bati na taa moja inayopepesa. Bwana Ijumaa alikaa kwenye benchi la mbao, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, akiomba ndugu yake awe ameshaondoka. Mlango ukafunguliwa. Mziwanda aliingia akiwa na simu sikioni, akicheka.

"Ndiyo, shemeji! Kesho anacheza, nakwambia! Ngoja, ongea naye mwenyewe."

Simu ikatiwa sikioni mwa Bwana Ijumaa kabla hajafungua kinywa. Mkewe hakuwa na pilipili hata chembe. Alikuwa analia.

"Mume wangu," alisema, akapenga kamasi. Halafu, "Mashati yale hayajakunjamana?"

"Hayajakunjamana."

"Basi vaa lile la buluu."

Simu ilipokatika Mziwanda alikwishauvuta mkoba wa kaka yake katikati ya magoti yake. Alichukua taulo, akalilowesha bombani, akaanza kufuta fimbo moja baada ya nyingine, akiondoa udongo kwenye mifereji kwa ukucha.

"Kesho nakubebea mimi," alisema. "Sina kazi tena, si unaona? Nimeshakuwa Bwana Ijumaa mwenyewe." Akacheka. Kicheko kilikuwa cha kweli, ingawa macho yalikuwa mekundu. "Wala usinihurumie. Ningechagua leo mmoja wetu apite, ningekuchagua wewe. Haki ya Mungu."

"Mdogo wangu..."

"Ila nifundishe kitu." Aliacha kufuta. "Ule mpigo wa kwanza kwenye grini. Mimi niliona unavuta kushoto, nikalenga ukingo wa kulia. Nikakutazama, hukuitikia, nikajua nimesoma vibaya. Nikausoma tena mpaka macho yakaniuma, sikuona kosa. Nikasema kaka ameona kitu, labda unakwenda moja kwa moja. Uliona nini? Niambie, maana kama siku hizi sioni mteremko kama ule, basi macho yangu yana shida, na nataka nijue mapema."

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Palikuwa na kijiinuko, angesema. Majani yalikuwa yamelalia upande wa pili. Ndugu yake angeamini kama alivyoamini kila kitu tangu enzi za kopo la maziwa, na kuanzia kesho asingeyaamini tena macho yake mwenyewe. Angekwenda kwenye grini za watu na shaka aliyopewa na kaka yake. Bwana Ijumaa aliuona mwisho wa uongo huo waziwazi, akaumeza.

"Macho yako hayana shida," alisema. "Ulisoma sawa."

"Mara ya pili?"

"Mara ya kwanza."

Mziwanda alimtazama akingoja yaliyobaki.

"Mpira ungeingia," kaka yake alisema. "Nililiona hilo. Dada wa Ubao alikuwa ameshaniambia kwamba ukiuingiza mimi nipo nje, na ukiukosa tunaingia sote. Sikujua utakosa mara mbili. Lakini ule wa kwanza nilitaka uukose. Nilitaka, mdogo wangu. Ndiyo maana sikukuitikia."

Taa ilipepesa. Mziwanda alishusha macho kwenye fimbo aliyokuwa ameishika, akaigeuza, akaona udongo uliobaki kwenye mfereji mmoja, akautoa. Akaifuta ikang'aa. Akachukua inayofuata. Hakuharakisha, wala hakuruka hata moja. Alizifuta zote, akazipanga mkobani kwa utaratibu wake, ndefu nyuma, fupi mbele. Kaka yake alitamani apigwe. Alitamani atukanwe. Alikaa na kiatu mkononi, hakupata hata kimoja.

Mziwanda akakunja taulo, akaliweka juu ya mkoba.

"Unaanza saa ngapi?"

"Saa mbili kasorobo."

"Tafuta mtu wa kukubebea." Akachukua begi lake, akaenda mpaka mlangoni, akasimama hapo mgongo ukiwa ndani na uso ukiwa nje. "Na shemeji usimwambie. Mwache afurahi."